Spana ya Asubuhi

Ufundi wa trekta niliupatia Kibaha miaka ya 1980, wakati matrekta ya Valmet yakiunganishwa palepale kwenye kiwanda cha TRAMA. Kulima nilikuja kujifunzia Mzenga, nilipopewa Massey Ferguson 265 la mwajiri wangu, nikalishusha kwa barabara ya Mlandizi plau la sahani tatu likining'inia nyuma.

Masika ya kwanza bonde lilinishinda. Udongo mweusi, mvua imeupiga, gurudumu linazunguka papo hapo na plau halisogei. Nikaongeza mafuta, nikachimba shimo. Mzee mmoja fundi akanisimamisha: "Mwanangu, nguvu unayo. Huna uzito."

Akanipimisha. Tulichora alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma, plau limeinuliwa, tukahesabu mizunguko kumi: mita 45. Plau likiwa ardhini, mizunguko kumi ileile ilitufikisha mita 36. Yaani katika kila mita tano, moja ilipotea kwa kuteleza, na dizeli yake pia. Tulipofunga vyuma vya uzito kwenye rimu za magurudumu tulipata mita 40. Hapo mzee akaridhika. Kuteleza kidogo kunatakiwa, alisema. Trekta lisiloteleza hata chembe limebebeshwa mno, na mzigo huo unaikandamiza ardhi na kuilemea giaboksi.

Kufunga vyuma hivyo ndiko kulikonichukua muda kujua. Trekta kwenye ardhi tambarare, plau chini, injini imezimwa, breki imevutwa, magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Uso wa chuma na uso wa rimu vinasuguliwa mpaka viwe safi, kwa sababu tope na kutu vikibaki katikati hupondeka trekta likitembea, nafasi inatokea, nati inalegea. Tulikuwa watu watatu, tukakipandisha chuma kwa ubao, hakuna aliyeweka mguu chini yake. Bolti ya juu kwanza, ili chuma kining'inie. Nyingine kwa mkono. Kisha spana, kwa bolti zinazokabiliana, kidogo kidogo.

Mzee aliniagiza nikaze tena baada ya saa moja ya kulima, na kesho yake asubuhi. Saa ile nilikaza. Asubuhi sikukaza, wateja walikuwa wanangoja na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Siku ya tatu nikasikia mgongano kwenye gurudumu la kulia, nikadhani ni jiwe. Chuma kikachomoka, kikabiringika kwenye mfereji wa plau, hatua mbili kutoka kwa kijana aliyekuwa akifuata nyuma akiokota visiki. Matundu ya rimu yalikuwa yameliwa mpaka yamekuwa ya mviringo mrefu. Rimu ile haikufaa tena. Kijana yule alikaa chini akitetemeka, nami nilikaa naye.

Tangu siku hiyo, kwa miaka yote niliyobaki kazini, nilishika spana kabla ya kushika usukani. Na msimu wa kuvuta tela ulipoanza, vyuma nilivifungua; kuvibeba barabarani bure ni kuchoma dizeli.

Wewe unayelima leo bondeni Mzenga, ukifunga vyuma hivyo, zikaze tena nati zake baada ya saa moja, na kesho asubuhi, hata kama mvua inanyemelea. Na anayefuata nyuma ya plau lako, mwambie akae mbali.