Mche Mrefu Ndio Unaouzwa

Kitalu changu kiko kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha. Mteja hushuka kwenye daladala, akapitisha macho mara moja, akanyooshea kidole mche mrefu kuliko yote. Mimi huuinua mche huohuo na kutazama chini ya kiriba. Mara nyingi mizizi imeshapenya kwenye matundu na kuzama ardhini. Ukiuondoa, nusu ya mizizi inabaki kwangu.

Kazi nilifundishwa na mama mkwe, tukianza na kahawa. Mbegu hufukiwa kwenye tuta la mchanga lenye kivuli, na huchukua wiki 6 hadi 8 kuchomoza. Mche hutoka umebeba mbegu kichwani kama njiti ya kiberiti, na wakati wa kuuhamishia kwenye kiriba ni huo, au mara tu majani mawili ya mwanzo yanapofunguka. Ukichelewa, mzizi mkuu unakuwa mrefu na kujikunja unapouingiza kwenye shimo. Kitaluni huoni dalili yoyote. Mbuni utapandwa, utashika, na siku ya ukame ndio utakaotangulia kunyauka. Mama mkwe alitupa kila mche wenye mzizi uliopinda, nami nikawa naumia moyoni kwa ajili ya shilingi.

Nyanya hazina makuu: zihamishe, zifukie shina hadi karibu na majani, shina lenyewe litaotesha mizizi. Papai ni kinyume chake, halipendi kuguswa mizizi, kwa hiyo mbegu zake naziweka moja kwa moja kwenye kiriba.

Kinachoninyima usingizi ni parachichi za kubebesha. Masika yakichelewa, waliotoa oda hawaji, na miche inaendelea kukua. Niihamishie kwenye viriba vikubwa? Hiyo ni samadi zaidi, udongo zaidi, vibarua zaidi. Huwa nachana kiriba kimoja. Nikikuta mizizi inazunguka chini, nahamisha yote. Udongo ukimomonyoka mkononi, naiacha, nainyanyua tu mara kwa mara isizamishe mizizi ardhini. Na kiriba kipya kisizidi sana kile cha zamani. Mche mdogo kwenye udongo mwingi haumalizi maji, na mizizi huoza. Wenzangu wengi hawaamini hili, wanaona ukubwa ni hisani.

Mzee mmoja wa Machame aliwahi kuniuliza, “Binti yangu, miche hii imelingana urefu. Mbona huu bei juu?”

“Shika yote miwili, baba.”

Akaipima mikononi, akatikisa kichwa kwamba ameelewa: mmoja ulikuwa na udongo karibu maradufu ya mwenzake. Kisha akanunua ile myepesi, kumi nzima. Alikuwa amekuja na bodaboda.