Bembea na Msiba wa Mbali

Mnamo tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ya Japani ilipotikisika, ndani ya bustani mbili za Disney pale Urayasu, jirani kabisa na Tokyo, kulikuwa na wageni kama 70,000. Hawakuwa kwenye kitovu. Kitovu kilikuwa baharini, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki, na mawimbi yaliyofuata yalipiga pwani ya Tohoku. Huko ndiko walikofia wengi wa wale karibu 16,000 waliopoteza maisha, bila kuhesabu zaidi ya 2,500 ambao mpaka leo hawajaonekana.

Kisa cha Urayasu kinachosimuliwa sana ni kile cha midoli. Wafanyakazi, wengi wao vijana wa vibarua, walichukua midoli ya manyoya kutoka madukani wakawagawia wageni wajikingie vichwa. Waligawa na vitafunio. Treni zilikuwa zimesimama, kwa hiyo watu kama 20,000 walilala humo humo, kwenye baridi ya Machi. Ni kisa kizuri na sina ubishi nacho. Ila mimi kilichonishika kwa miaka sasa siyo usiku ule. Ni kesho yake, na keshokutwa, na wiki zilizofuata. Yaani: baada ya wageni kurudi makwao salama, bustani ya furaha ifanye nini wakati kaskazini bado watu wanafukua tope kutafuta ndugu zao? Na ikifungua, ifungue lini, na kwa uso gani?

Bustani ilifungwa siku 34. Tusiipambe sana hiyo. Urayasu imejengwa juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, na mtikisiko uliigeuza sehemu kubwa ya mji kuwa uji. Maegesho ya magari yalipasuka na kutoa tope. Umeme nao ulikuwa wa shida kwa sababu ya yaliyotokea Fukushima. Hata kama wangetaka kufungua kesho yake, wangefungua nini? Lakini kwa nje kufungwa kule kulionekana kama tanga, na kwa kweli kulikuwa tanga pia. Mambo haya mawili huwa hayatenganishiki vizuri. Hata kwetu mwenye duka mtaani akifunga kwa sababu ya msiba wa jirani, nani anajua kama amefunga kwa huzuni au kwa kuwa wateja wote wako msibani?

Wajapani wana neno, jishuku, maana yake kujizuia kwa hiari. Majira yale ya maua ya micheri yalipofika, gavana wa Tokyo wa wakati huo, Shintaro Ishihara, alisema siyo wakati wa watu kukaa chini ya miti wakinywa na kucheka. Sherehe zikafutwa, matangazo yakaondolewa kwenye televisheni, na sinema ya Hereafter, yenye tukio la tsunami, ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Nchi nzima ikashusha sauti.

Halafu likatokea jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Watengenezaji wa pombe ya mchele kutoka Iwate, mojawapo ya mikoa iliyopigwa, walirekodi video wakawaambia watu wa Tokyo: jamani, kaeni chini ya miti, kunyweni, na mkinywa mnywe ya kwetu. Kujizuia kwenu kunatuua mara ya pili. Maneno haya ni yangu, lakini ujumbe ulikuwa huo. Wenye msiba ndio walioomba muziki uwashwe. Wanaolia kwa niaba ya wengine mara nyingi wanasahau kuwauliza.

Tarehe 15 Aprili Tokyo Disneyland ikafunguliwa, siku ileile ilipotimiza miaka 28 tangu kuanzishwa. Ilifungua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni tu, kubana umeme. Na kampuni inayoiendesha, Oriental Land, ikatangaza kwamba kwa mwezi mmoja, yen 300 katika kila kiingilio zitakwenda Msalaba Mwekundu. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa karibu yen 6,000, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya ishirini. Unaweza kusema ni kidogo. Mimi nasema angalau ilikuwa namba. Ina kiasi, ina mwisho, ina anayepokea. Nimeandika habari za michango kwa zaidi ya miaka kumi na sentensi ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya "sehemu ya mapato". Sehemu gani? Ya mapato yapi? Mpaka lini?

Michango bila namba naijua kwa karibu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa zamu kwenye chumba cha habari Dar es Salaam tetemeko lilipopiga Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka. Mimi kwetu ni Bukoba. Shangazi yangu anakaa Hamugembe, na simu yake haikupatikana mpaka usiku. Alikuwa mzima, ila ukuta wa jikoni umelala chini, na yeye na majirani walikuwa wametandika mikeka kwenye migomba, wanaogopa kuingia ndani. Baadaye michango ya nchi nzima ikazua mjadala mrefu: iende mkononi kwa waliobomokewa, au ikarabati shule na zahanati? Sitaurudia hapa. Shangazi ukuta wake alijenga kwa pesa tulizochangishana ukoo.

Jumatatu yake ikawa Idi. Watoto wa dada yangu walikuwa wameshonewa nguo tangu wiki iliyopita, na mtoto wa miaka mitano humwelezi tetemeko la kilomita elfu moja na zaidi. Nikawapeleka viwanjani, kwenye bembea za sikukuu. Kwenye jukwaa kulikuwa na mshereheshaji anayetangazia kampuni fulani ya vinywaji. Akashika kipaza sauti: "Poleni sana ndugu zetu wa Kagera! Tupo pamoja! Haya, mikono juuu!" Ngoma ikadunda palepale, hata pumzi moja haikupita kati ya pole na mikono juu.

Upande mwingine kulikuwa na mzee mwenye bembea ya kuzungusha kwa mkono, ile ya viti vinne vya mbao, na redio yake imefungwa kwenye nguzo. Watoto wangu wako juu, simu ikaita. Shangazi. Nikaziba sikio moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Idi njema. Watoto wamevaa?"

"Wamevaa. Nyinyi mnalala wapi?"

Mzee akaniangalia, akauliza kwa ishara ya kidevu. Nikamwambia, Bukoba. "Ah. Poleni. Wazima lakini?" Akaifikia redio akapunguza sauti, mpaka nikamaliza kuongea. Bembea hakuisimamisha. Alichukua shilingi zake kama kwa wengine, na ningeshangaa asingechukua.

Najua bustani yenye wafanyakazi maelfu siyo mzee mmoja na redio. Lakini kati ya wafanyakazi hao maelfu daima kuna mtu ambaye kwao ndiko kulikopigwa. Bustani kubwa za Florida zimejaa watu kutoka Puerto Rico, Haiti, Ufilipino. Msiba unaoitwa wa mbali, kwa yule anayeuza aiskrimu au anayetokwa jasho ndani ya vazi la panya, uko kwenye simu mfukoni mwake, na sheria ya kazi inamkataza kuitoa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuandika tamko lolote la rambirambi: nani hapa kwao ni kule, apewe simu, apewe ruhusa, apewe nauli kama anaihitaji. Tamko linaweza kusubiri.

Jingine ni gumu zaidi, maana linagusa bustani zenyewe zimejengwa kwa nini. Pale Walt Disney World kuna bustani ya maji inaitwa Typhoon Lagoon, iliyofunguliwa 1989. Hadithi yake ni kwamba tufani ilikipiga kijiji cha starehe ikakivuruga kila kitu, na meli ya uvuvi wa kamba, Miss Tilly, ikatupwa mpaka kileleni mwa mlima. Kila baada ya muda mlima unarusha maji juu, kana kwamba unajaribu kuinasua. Watu wanapiga kelele kwa furaha. Chini kuna bwawa la mawimbi.

Novemba 2013 tufani Haiyan iliipiga Ufilipino, na zaidi ya watu 6,000 wakafa. Katika mji wa Tacloban meli kubwa za chuma zilitupwa nchi kavu, juu ya nyumba za watu. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, Miss Tilly na zile meli, tumbo linakaza. Sisemi Disney waibomoe. Binadamu tumecheza na tunachokiogopa tangu zamani. Watoto wa pwani wanacheza kuzama, na hadithi nusu ya dunia zinaanza na dhoruba. Ninachosema ni kwamba mwenye mchezo wa aina hiyo anapaswa kujua kwamba ana mchezo wa aina hiyo. Wiki ya msiba mlima unaweza kukaa kimya. Hakuna mtoto atakayerudi nyumbani analia kwa sababu meli ya maonyesho haikurushiwa maji. Tacloban nao waliihifadhi sehemu ya mbele ya meli mojawapo, Eva Jocelyn, ikawa kumbukumbu ya waliokufa.

Nirudi Japani kidogo, maana kuna bustani ambayo haikuwa na nafasi ya kuamua msiba uko mbali kiasi gani. Spa Resort Hawaiians iko Iwaki, mkoani Fukushima, kama kilomita 50 kutoka kwenye vinu vya nyuklia. Ilianzishwa 1966 na kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa inakufa: yale maji moto ya chini ya ardhi yaliyowasumbua wachimbaji migodini yakageuzwa mabwawa ya kuogelea, na mabinti wa wachimbaji wakafundishwa kucheza hula. Kuna filamu kuhusu hao mabinti, Hula Girls ya 2006, itafute.

Tetemeko la Machi 2011 liliifunga. Mwezi mmoja baadaye lingine likaipiga tena, na hilo ndilo lililoiumiza zaidi majengo. Jukwaa hawana. Baadhi ya wachezaji wenyewe walikuwa wamehamishwa makwao kwa ajili ya mionzi. Basi wakafanya walichofanya wenzao wa mwanzo kabla ya ufunguzi wa 1966: wakapanda basi. Wakacheza kwanza kwenye vituo vya waliohamishwa, kwenye kumbi za mazoezi za shule, mbele ya wazee waliokaa juu ya makatoni, kisha mji kwa mji nchini. Sketi za majani, maua kichwani, vicheko. Hakuna aliyewaambia wajizuie.

Oktoba sehemu ya bustani ikafunguliwa, na Februari 2012 yote. Nimeangalia sana picha za safari ile. Katika mojawapo bibi mmoja ameinua mikono anaiga mawimbi ya hula, na nyuma yake, ukutani, kuna karatasi zimebandikwa, majina yameandikwa kwa mkono.