Mwanga Mbaya wa Saa Nne Asubuhi

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za gazeti mnazijua wenyewe. Leo nataka tuongee habari ya kukataliwa. Si kukataliwa posa, hiyo tuwaachie wenye moyo. Nazungumzia kukataliwa picha.

Mshahara wa mwandishi mchanga haufiki tarehe kumi na tano, kwa hiyo wengi wetu wenye kamera tunajaribu kuuza picha kwenye maghala ya picha ya mtandaoni. Kwa asiyejua, mambo yako hivi: unapiga picha, unaipakia, mkaguzi anaitazama, akiikubali inawekwa dukani. Mtu wa Oslo au Nairobi akitaka picha ya Zanzibar kwa kijitabu chake, anaitafuta, analipa, nawe unapata kipande chako. Biashara hii ilishika kasi baada ya iStockphoto kuanza kule Calgary, Kanada, mwaka 2000, na Shutterstock kufuata New York mwaka 2003. Tangu hapo bei imekuwa ikiteremka tu. Shutterstock walipobadili malipo yao Juni 2020, kiwango cha chini kabisa cha mpiga picha kikawa senti 10 za dola kwa picha kupakuliwa mara moja. Haifiki shilingi 300. Bakuli la urojo hulipati!

Lakini bei tuiache. Leo nina ugomvi na neno moja tu: ubora.

Mwezi uliopita nilituma picha kumi kwa wakala mmoja, jina lake tulisitiri. Zimepita tatu: jahazi na jua linazama, jahazi jingine na jua lile lile, na mnazi ulioinamia bahari kule Nungwi. Saba zimerudi. Wakulima wa mwani Paje: mwanga mbaya. Uchochoro wa Shangani: mwanga mbaya. Muuza pweza sokoni Darajani: mwanga mbaya na chembechembe. Ukuta wa nyumba kongwe Malindi: chembechembe. Zilizobaki: hazina thamani ya kibiashara. Basi. Hakuna maelezo, hakuna mtu wa kumuuliza.

Nikazifungua tena kwenye kompyuta, nikazikuza asilimia mia moja kama wakaguzi wanavyofanya. Fokasi imekaa, vumbi hakuna, mkono haukutetemeka. Sasa tatizo nini?

Kwa ninavyoona mimi, kukataliwa kuko kwa aina tatu, na ukizichanganya utaumwa kichwa bure.

Ya kwanza ni ya kupimika. Picha imetetemeka, kuna doa la vumbi angani, kuna nembo ya kampuni kwenye fulana. Hiyo haina mjadala: unasahihisha, unarudisha, maisha yanaendelea.

Ya pili ni ya kisheria. Picha ikitakiwa kwa matangazo, kila mtu anayetambulika sharti atie saini fomu ya ridhaa. Nilikwenda na fomu yangu Paje kwa bi mkubwa mmoja aliyekuwa anafunga mwani kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karatasi hiyo yasemaje?"

Nikamweleza kwamba atakayeinunua picha anaweza kuiweka kwenye tangazo lolote.

"Hata la dawa ya meno?"

"Hata la dawa ya meno, mama."

"Basi mimi sitii saini. Piga, na uandike kuwa nalima mwani. Lakini usinifanye nauza kitu nisichokijua."

Kichekesho ni kwamba mwani wake ndio unaotoa karajinani, kitu kinachotumika kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Yumo ndani ya dawa ya meno tayari, ila hataki kuwa usoni mwake. Namuelewa kabisa.

Aina ya tatu ndiyo iliyoniweka macho. Hii ni ladha ya mtu iliyovalishwa nguo za kipimo. "Mwanga mbaya" inasikika kama kitu cha rula, kama sentimita. Lakini mwanga mbaya kwa nani, na kwa kazi gani?

Chukua huo mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, huku huku Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Shambani unakwenda maji yakitoka, na yanatoka sana wakati wa bamvua. Sasa tazameni saa. Hapa kwetu maji ya bamvua yanakupwa kama saa nne au saa tano asubuhi. Jua limeshapanda, mchanga mweupe unarudisha mwanga machoni, na uso uliofunikwa mtandio una kivuli kizito. Ule mwanga wa dhahabu wanaoupenda wakaguzi, wa saa kumi na mbili jioni, unakuta bahari imejaa na shamba liko chini ya maji. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha. Kwa hiyo anayetaka picha ya kilimo cha mwani katika mwanga mzuri anataka kitu ambacho karibu hakipo. Atakachopata ni mrembo wa kukodi amebeba kikapu jioni.

Njoo mjini. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba ili nyumba moja iitilie kivuli nyumba ya pili. Tunaishi na joto, kivuli ni mali. Ukipiga picha mle, chini kunakuwa giza na juu kipande cha mbingu kinaungua. Kamera inasema kweli tupu, mkaguzi anasema kasoro. Zile kuta nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa inabanduka, ukuta unakuwa na vidoadoa. Ukiikuza picha unaona chembe. Ndiyo, ni chembe za chokaa!

Kwa hiyo kipimo hiki kinachoitwa ubora kinapitisha saa za mapumziko na kukataa saa za kazi. Sisemi kuna njama. Mkaguzi ana foleni ndefu ya picha na muda mdogo, na anajua wateja wengi wananunua nini: likizo. Simchukii. Lakini matokeo yake yanatuhusu. Mtengeneza vitabu vya skuli akiandika neno Zanzibar atapewa jahazi, machweo na mnazi. Watoto wetu watafungua kitabu na kukuta kisiwa ambacho hakuna mtu anayefanya kazi.

Na msidhani ni mambo ya intaneti tu. Mwisho wa karne ya 19 studio ya A. C. Gomes, Mgoa, ilikuwa ikipiga picha hapa mjini, na kadi za posta za Zanzibar zilinunuliwa na abiria wa meli. Nazo zilikuwa picha za ghala: jicho la mnunuzi mgeni ndilo lililochagua. Kisha mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, akafungua Capital Art Studio, iliyo barabara ya Kenyatta. Pale wenyeji nao walikuwa wateja. Mtu alikuja kwa miguu yake, amevaa alichochagua mwenyewe, akalipia kuonekana anavyotaka. Ukitazama zile picha nyeusi na nyeupe za studio ile, za watu, mitaa na bandari, unakutana na mji wenyewe, mchana kweupe.

Na thamani? Jengo la Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, lilikuwa limepigwa picha mpaka limechoka. Nani angetaka nyingine? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Siku ile picha ya machweo haikumsaidia mtu. Fundi wa jengo kongwe anataka picha ya kawaida, ya mchana, inayoonyesha nguzo, boriti na ufa. Ile ile ambayo jana ingeitwa haina thamani ya kibiashara.

Sasa nafanyaje? Kwanza, simwandikii mkaguzi barua za hasira. Ladha haishindwi kwa hoja. Pili, picha za kazi nazituma kama picha za habari. Hizo kwa kawaida hazidai fomu ya ridhaa, haziruhusiwi kwenye matangazo, na jua kali linavumiliwa zaidi, muradi maelezo yawe kamili: nani, wapi, lini. Hapo sisi waandishi tuko nyumbani, na ahadi ya bi mkubwa inabaki salama. Tatu, nachagua mlango. Alamy wa Uingereza, kwa mfano, wanakagua ufundi wa picha na si uzuri wake. Ila ni wakali: picha moja ikianguka, fungu zima linaanguka nayo. Mimi naona ni haki. Angalau ukianguka unajua kwa nini. Na machweo? Nayauza bila haya, kodi ya nyumba hailipwi kwa msimamo.

Nne, nachapisha. Ile picha ya mwani iliyokataliwa niliisafisha karatasini, nikampelekea bi mkubwa Paje. Uso wake hakuutazama hata kidogo. Aliisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye kamba ya tatu.

"Waona hapa, mwanangu? Ncha zimeanza kuwa nyeupe. Siku ile sikuiona. Mwani wa kamba hii wote ulikatika."

Akamwita jirani yake aje aone. Wakaisoma ile picha kamba kwa kamba: huu mzima, huu umeshaguswa na ugonjwa, huu ulichelewa kuvunwa. Waliweza kuyaona yote hayo kwa sababu ya jua lile lile la saa nne lililokatalika. Machweo yangeziosha ncha zote kwa rangi ya chungwa.

Nilitoka pale na maagizo: bamvua ijayo nirudi nipige kamba zote, moja moja, kutoka juu. Malipo ni chai na mihogo ya nazi, ambayo ukipiga hesabu inazidi senti 10. Kalenda ya maji ninayo ukutani. Nitakwenda saa nne.