Faida ya Mwongozo Usio Rasmi

Ikiwa una mtoto katika shule ya sekondari, hasa Kenya au Tanzania, neno mwongozo si geni kwako. Ni kile kitabu chembamba kinachouzwa pamoja na riwaya au tamthilia inayotahiniwa, ambacho humweleza mwanafunzi muhtasari wa kila sura, tabia za wahusika na mafunzo ya hadithi. Mara nyingi anayekiandika si mwandishi wa riwaya, bali mwalimu aliyeisoma mara nyingi hata akazijua sifa na kasoro zake.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wameandika miongozo ya namna hiyo juu ya michezo ya televisheni, na zaidi juu ya michezo ya kubuni ya sayansi, yenye vyombo vya angani na watu wa sayari nyingine. Mwaka 1969 Bjo Trimble na wenzake, waliokuwa wapenzi tu wa mchezo wa Star Trek, walijichapishia wenyewe faharasa yake. Mwaka 1995 Waingereza watatu, Paul Cornell, Martin Day na Keith Topping, walitoa kitabu juu ya Doctor Who kilichoorodhesha hata migongano ya hadithi hiyo. Mwaka 2003 Alan Stevens na Fiona Moore walitoa mwongozo wa Blake's 7, nao ulitangaza katika jina lake kwamba si rasmi wala haukuidhinishwa.

Wako watu ambao wakisoma tangazo kama hilo hukiweka kitabu chini, wakidhani ni bidhaa duni. Mimi naona kwamba hapo ndipo ilipo thamani yake. Anayelipwa na mwenye ngoma hawezi kusema kwamba ngoma imepasuka. Mwandishi asiye na idhini hana cha kulinda isipokuwa ukweli wa alichokiona: husifu kwa kuwa amependezwa, hulaumu kwa kuwa ameumia.

Nitatoa mfano unaotuhusu sisi. Katika Star Trek, iliyoanza mwaka 1966, alikuwamo afisa wa mawasiliano, mwanamke Mwafrika aitwaye Luteni Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Katika sehemu ya kwanza kurushwa hewani, kiumbe kimoja kinajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Katika sehemu nyingine, ya mwaka 1967, kumbukumbu zake zinafutwa, na anapofundishwa Kiingereza upya Kiswahili chamtoka kinywani. Hata jina lake la kwanza, Nyota, halikutoka katika televisheni. William Rotsler alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1982, na ilipofika mwaka 2009 ndipo filamu ikalitamka. Basi nauliza: ni nani awezaye kupima kama Kiswahili cha Uhura kimetamkwa sawasawa? Profesa wa Chicago ataandika mengi, lakini hapa atamhitaji mtoto wa kambi ya polisi Mbarara ambaye mama yake humkaripia kwa lugha hiyo kila asubuhi.

Jambo hilo limenidhihirikia nyumbani kwangu. Mume wangu ni askari polisi. Mwanetu mkubwa, anayesoma chuo hapa Mbarara, alileta Battlestar Galactica, ule mchezo wa mwaka 1978 uliotengenezwa upya kuanzia 2003 hadi 2009. Husimamisha picha na kutufasiria kwa Kiswahili. Nasi huandamana na dada mmoja Mkongomani anayeishi Nakivale, ambaye huleta nguo za kitenge alizoshona kuuza sokoni, na usiku ukimkuta mjini hulala kwetu. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalianza kuwa makazi ya wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea.

Mchezo wenyewe ni habari ya wakimbizi. Makoloni kumi na mawili yameangamizwa, na mabaki ya watu yanakimbia angani katika msafara wa vyombo, yakilindwa na manowari moja kuukuu. Rais, aliyekuwa mwalimu, ana ubao mweupe ulioandikwa idadi ya walio hai: 50,298. Idadi inapungua kwa vifo. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya mfululizo, baada ya siku za mateso, aletewa habari kwamba mtoto amezaliwa. Afuta 47,972 na kuandika 47,973.

Mwanangu alisema kwamba hapo ndipo penye utamu wa sehemu yote. Mgeni wetu alinyamaza kitambo, kisha akaomba daftari tulilokuwa tukiandikia maoni yetu. Alitueleza kwamba furaha ile ya kuongeza mmoja ni ya kweli, naye ameionja. Lakini kati ya ubao wa rais na kitanda cha mzazi mna foleni ambayo mchezo umeiruka, kwa maana mtoto asiyeandikwa kwenye karatasi ya familia hahesabiwi katika mgawo. Tena akauliza: kufuta je? Mumewe alirudi Kongo kutafuta wazee wake, wala hakuonekana tena. Mwaka 2018, wakimbizi wote wa Uganda walipohakikiwa kwa alama za vidole, kila mtu alipaswa kusimama mwenyewe mbele ya mwandishi. Alipoulizwa habari za mume, alijibu, "Hayupo." Neno moja tu, nalo lilikuwa zito kuliko safari yote ya kutoka Kivu, kwani aliona kama kwamba yeye ndiye aliyemfuta.

Katika daftari aliandika hivi: picha za waliopotea ambazo watu wa msafara wamezibandika ukutani ni sahihi kuliko ubao, kwa sababu ukuta hauna kifutio. Nimesoma uchambuzi mwingi wa mchezo huo, lakini sentensi hiyo singeibadilisha kwa ukurasa mzima wa wataalamu.

Mume wangu naye alikuwa na lake. Katika sehemu ya pili, maji yanapopungua na ghasia kunusiwa, rais ataka askari wa jeshi walinde amani miongoni mwa raia. Kamanda asita, akieleza kwamba jeshi hupigana na maadui na polisi hulinda watu, na kazi hizo zikichanganywa watu wenyewe hugeuka kuwa maadui. Mume wangu alipiga paja kwa kuridhika. Lakini katika msimu wa pili, kamanda akiwa kitandani amejeruhiwa, naibu wake atangaza utawala wa kijeshi, na askari waliotumwa kati ya raia wenye hasira wanawafyatulia risasi na kuwaua. Baba watoto aliandika sehemu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, usemi upande huu na tendo upande ule, akaongeza kwamba askari wale hawakufundishwa kutuliza umati, na kwamba aliyewatuma ndiye wa kulaumiwa kwanza. Kazi ya mwongozo ndiyo hiyo: kuweka pamoja yale ambayo mtazamaji wa haraka huyaona mbalimbali.

Huenda ukasema kwamba sisi huku hatuna desturi hiyo. Tunayo, ila ni ya mdomo. Katika vibanda vya video vya Uganda wako wafasiri waitwao veejay, ambao huieleza filamu ya kigeni kwa Kiganda huku wakitania na kukosoa. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuomba idhini ya mtu. Lakini kinachosemwa kibandani aghalabu huishia hapo hapo, na watoto wetu hutoka wakiwa wamesikia kicheko tu, bila kujua lipi la kweli na lipi la kupambwa.

Kwa hiyo nashauri kila nyumba yenye televisheni iwe na daftari. Kwa kila sehemu mnayotazama andikeni mambo manne: hadithi kwa mistari mitano, jambo lililokuwa zuri, jambo lisilolingana na sehemu zilizotangulia, na jambo ambalo aliyetengeneza mchezo hakulijua lakini mtu wa nyumba hii analijua. Hilo la nne apewe kila mmoja kwa zamu, tangu mtoto hadi mgeni, na asikatizwe mpaka amalize. Daftari la kurasa 96 latosha msimu mzima.