Linux Kwenye Ruta ya Ploti

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoiua ruta ya nyumba nane, nikaifufua kwa betri ya pikipiki, kisha nikagundua kwamba kosa langu kubwa halikuwa lile nililodhani. Kama unapenda kujaribu Linux kwenye vifaa vidogo vya nyumbani, soma mpaka mwisho kabla hujagusa chako.

Ninaishi Tuwan, hapa Kitale, katika ploti ya nyumba nane. Laini ya intaneti ni moja. Mwenye ploti alikubaliana na kampuni kwamba itumiwe na wapangaji wote, nasi tunachanga kila mwisho wa mwezi. Kasi yake ni megabiti 10 kwa sekunde. Mchana hakuna anayelalamika. Taabu huanza saa mbili usiku. Mmoja anapakua filamu, simu ya mwingine inajisasisha yenyewe, na kijana wa nyumba ya tano, anayesomea diploma na kufuata baadhi ya vipindi mtandaoni, anabaki akimsikia mwalimu kwa vipande vipande kama redio yenye betri zilizochoka.

Jioni moja mama yake alinisimamisha penye mfereji. "Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea kompyuta? Hebu tusaidie basi."

Ukiwa na digrii ya sayansi ya kompyuta mtaani, utaitwa kwa kila kitu chenye taa, kuanzia printa hadi pasi. Kazi yangu mimi ni kuandika programu tu. Lakini ombi hilo nililielewa, na nilijua dawa yake. Nikawaambia majirani tuchange tununue ruta nyingine, niiwekee Linux, na kila mtu atapata haki yake. Wakachanga. Wengine walitoa pesa ambazo nilijua kabisa zilikuwa za unga.

Kabla ya kuendelea, hebu tuelewe ugonjwa wenyewe. Watu wengi hudhani intaneti ikiwa nzito basi kasi ni ndogo. Mara nyingi shida ni foleni. Fikiria kinu cha kusagia mahindi, na hapa Trans Nzoia sote tunakijua. Mtu amekuja na magunia kumi, na nyuma yake kuna mtoto ametumwa na gorogoro moja. Ikiwa mwenye kinu anafuata foleni tu, mtoto atangoja mpaka jioni, ingawa kazi yake ni ya dakika mbili. Sauti ya mwalimu ni gorogoro. Filamu ni magunia kumi. Ruta ya kawaida husaga magunia kwanza.

Ndani ya Linux kuna dawa inayoitwa CAKE. Kazi yake ni kumsagia kila mtu gorogoro moja kwa zamu, magunia yakiendelea polepole. Ruta nyingi za bei nafuu hazikupi nafasi ya kuiweka. Ndipo OpenWrt inapoingia.

OpenWrt ni Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta na vifaa vidogo kama hivyo. Asili yake inafurahisha. Ruta ya Linksys WRT54G ilipotoka mwishoni mwa 2002, wataalamu waliichunguza wakakuta ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake ya GPL inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Mwaka 2003 msimbo huo ukatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Kwa hiyo ukiona leo kifaa cha mitumba kinapata programu mpya miaka mingi baada ya kutengenezwa, ujue kilichokiokoa ni sharti la leseni.

Niliyonunua ni TP-Link TL-WDR4300, ya mitumba. Prosesa yake ni ya megahezi 560, kumbukumbu ya RAM ni megabaiti 128, na hifadhi ya ndani ni megabaiti 8 peke yake. Ndiyo, 8. Picha moja ya simu yako inaweza kuijaza nusu. Lakini OpenWrt yote, pamoja na kerneli, inaenea humo.

Ilikuwa Aprili 2024, mvua zikinyesha bila huruma. Nilipakua OpenWrt 23.05, nikahakiki faili kwa sha256sum kama inavyotakiwa. Kuna aina mbili za faili, na wageni huzichanganya: ile ya "factory" ni ya kutokea programu ya kiwandani kwenda OpenWrt, na ile ya "sysupgrade" ni ya kusasisha OpenWrt iliyokwisha kuwekwa. Nikachukua ya kwanza. Nikaingia ukurasa wa ruta, nikachagua faili, nikabonyeza. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini usiku. Mstari ukafika karibu nusu.

Radi ikapiga upande wa Mlima Elgon. Stima ikapotea.

Wasomaji, maneno "usizime kifaa wakati wa kusasisha" nimeyasoma mara elfu. Nimewahi hata kuyaandika mwenyewe kwenye programu zangu. Nilikaa gizani nikiangalia mwanga wa laptopu, nikijua kwamba ndani ya ruta mna nusu ya mfumo wa zamani na nusu ya mpya, na kwamba kijana wa nyumba ya tano ana jaribio mtandaoni saa mbili asubuhi. Hilo la jaribio lilikuwa na njia, kwa kuwa ningeweza kumpa bando la simu yangu. Lisilokuwa na njia ni kwenda nyumba saba kusema, "Pesa zenu zimeungua."

Nikajiuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta amefundishwa lakini halali nalo: kifaa hiki huwakaje? Ruta ikipata umeme, kinachoamka kwanza si Linux. Ni programu ndogo iitwayo U-Boot, inayokaa mwanzoni kabisa mwa hifadhi. Hiyo huifungua kerneli iliyobanwa na kuipakia kwenye RAM. Kerneli ikiamka hutafuta mfumo wa mafaili, ambao kwenye OpenWrt una tabaka mbili: squashfs ya chini isiyoandikika, na juu yake jffs2 inayobeba mabadiliko yako. Halafu procd huanzisha huduma moja baada ya nyingine.

Faili niliyokuwa naiweka haikugusa sehemu ya U-Boot. Kwa hiyo mlango wa nyumba ulikuwa umevunjika, lakini mlinzi alikuwa hai getini.

Na mlinzi huyo ana desturi yake. Ukishikilia kitufe cha WPS/RESET unapowasha ruta hii, U-Boot huenda kwenye waya wa mtandao na kuomba faili kwa TFTP kutoka anwani 192.168.0.66, kwa jina wdr4300v1_tp_recovery.bin. Baadhi ya matoleo ya zamani hayana desturi hiyo na huhitaji waya wa serial. Langu lilikuwa nayo.

Tatizo likabaki stima. Mnaikumbuka BRCK, ile ruta iliyobuniwa Nairobi na watu waliotoka Ushahidi, ikatangazwa 2013? Ilikuwa na betri ndani yake ya kukaa kama saa 8, kwa sababu waliijenga wakijua tunaishi wapi. Yangu haikuwa na betri. Lakini adapta yake ilikuwa imeandikwa volti 12, na uani palikuwa pameegeshwa pikipiki ya jirani wa boda boda. Betri yake ni ya volti ngapi? 12.

Nikagonga mlango. "Kaka, samahani, naomba betri yako."

"Ya nini usiku huu?"

"Ya intaneti."

Alicheka, kisha akaja na bisibisi yake mwenyewe. Tukakata waya wa adapta iliyokufa tupate ile plagi ya duara, nikapima kwa mita kwamba chanya iko katikati, tukaunganisha. Tahadhari: tulifungua betri tukaiweka mezani. Usijaribu pikipiki ikiwa inanguruma, maana ikichaji inaweza kupita volti 14.

Laptopu nikaipa anwani 192.168.0.66, nikaweka faili ya OpenWrt kwa jina lile, nikashikilia kitufe, tukawasha. Kimya. Mara ya pili, kimya. Nikafungua tcpdump nione nini kinapita kwenye waya, na hapo moyo ukatulia kidogo: ruta ilikuwa inaomba! Aliyenyamaza alikuwa laptopu yangu. Faiwoli yake ilikuwa imefunga mlango namba 69 wa UDP, ambao ndio wa TFTP. Nikaufungua. Mara ya tatu faili ikavutwa, taa zikapepesa, kisha tukangoja dakika ambazo jirani yangu alizihesabu kwa sauti. Halafu:

ssh root@192.168.1.1

Na jina la OpenWrt likajichora kwenye skrini kwa herufi. Jirani akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Ilikuwa saa tano kasoro.

Mambo ya kufanya mara tu unapofika hapo: weka nywila ya root, kwa sababu mwanzoni haina. Kisha washa Wi-Fi, maana OpenWrt huja ikiwa imeizima, na wengi hudhani wameharibu kitu. Mimi nikaongeza luci-app-sqm stima iliporudi, nikachagua CAKE, nikaweka kasi kuwa kilobiti 9000 kwa sekunde badala ya 10000. Ile asilimia 10 unayoiacha ndiyo inayofanya foleni ikae ndani ya ruta yako, mahali unapoweza kuisimamia, badala ya kukaa kwa kampuni. Kijana alifanya jaribio lake kwa laini ya ploti. Usiku uliofuata nyumba ya pili walipakua filamu, na mwalimu hakukatika.

Ningeweza kuishia hapo, nionekane shujaa. Lakini majuma mawili baadaye nilikwenda Bungoma kwa mazishi ya mzee wa ukoo wetu. Nikiwa huko simu ikalia: intaneti imekufa. Kilichotakiwa ni kubadilisha mpangilio mmoja tu, kwa sababu kampuni ilikuwa imebadilisha kifaa chake. Lakini nywila ilikuwa kichwani mwangu, na menyu zote ni za Kiingereza cha mafundi. Nyumba nane zilikaa siku tatu bila mtandao zikinisubiri mimi.

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimewatoa majirani kwenye ruta wasiyoielewa ya kiwandani, nikawapa ruta wasiyoielewa ya kwangu. Tunaziita programu huria, lakini kwao uhuru ulikuwa umefungiwa kwenye mfuko wa suruali yangu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa sababu wale watu walijua kwamba msimbo ulio wazi bado ni mlango uliofungwa kwa asiyeielewa lugha yake. Mimi nilikuwa nimelisahau somo hilo.

Niliporudi niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili, kwa kalamu: namna ya kuingia, taa ipi ina maana gani, namna ya kurudisha mipangilio kutoka nakala iliyo kwenye flashi, na namna ya kuifufua kwa TFTP. Nywila iko ndani ya bahasha kwa mama wa nyumba ya tano. Kisha nikaketi na kijana wake, nikamwambia aifute ruta yote na kuiweka upya mwenyewe, mimi nikiwa nimefumbata mikono. Ilimchukua saa nzima, na mikono yangu iliwasha kweli kweli.

Mwezi wa Agosti nilikuwa Bungoma tena, simu ikalia. Ni yeye. Nikajiandaa kuelekeza. Akasema, "Sikupigi kwa shida, kaka. Nilitaka tu kukuambia ilikuwa imezima, nimeshaiwasha. Ila ukurasa wa pili umekosea namba, nimekurekebishia."

Haya wasomaji, tuonane wakati mwingine. Na ukisasisha kifaa chochote msimu wa mvua, anza na betri.