Desemba ya Marangu

Mwaka wa Marangu ulikuwa ukiiva Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi, mabasi ya Dar es Salaam na Tanga yalishusha watu Himo mchana kutwa, na kutoka pale njia panda pikapu zilizofungwa mabenchi ziliwapandisha mlimani Kilimanjaro, magunia ya mchele miguuni, watoto wa mjini wakichungulia migomba kwa macho ya mshangao. Nazungumzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sukari na sabuni vilikuwa vimeanza kuonekana tena madukani, lakini mgeni aliyeingia kwa mama yake bila sukari alikuwa bado hajafika.

Waliotutazama kwa mbali waliona sherehe tu: Wachaga wamerudi kwao kula nyama na kunywa mbege. Kula tulikula. Lakini mimi niliyekulia pale, Desemba naikumbuka kama mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote. Kijiji kilichotawanyika Dar, Arusha, Mwanza na hata Mombasa kilitimia kwa majuma machache, na ndani ya majuma hayo ndipo kila jambo lililowahitaji watu wote lilipofanyika: ubatizo, kipaimara, harusi, mipaka ya vihamba (mashamba ya familia), ada za watoto, magomvi ya miaka, mfongo wa maji. Karamu ndiyo iliyowaweka watu pamoja hadi mambo hayo yakaisha.

Hali ya hewa nayo ilisaidia. Julai kwetu ni ukungu na baridi inayoingia hadi kwenye blanketi. Desemba mvua za vuli zinakuwa zinakatika, asubuhi vilele vya Kibo na Mawenzi vinakaa wazi kabisa, na jua linawaka bila kuchoma hadi wingu litakapopanda na kuufunika mlima. Watu wazima waliweza kukaa nje toka asubuhi hadi jioni, na kila kitu cha maana kilifanyikia nje.

Nyumbani dalili ya kwanza ilikuwa harufu ya mbege ikitengenezwa. Bibi alikata mikungu ya ndizi mapema, akaivundika hadi ikaiva, kisha akazipika ndizi kwenye pipa mpaka zikageuka rangi na kuwa nyekundu. Zikishapoa ziliachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zikachanganywa na maji na kuchujwa. Kando yake ulipikwa mso, uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa, ukatiwa humo pamoja na magome ya msesewa yanayoipa mbege uchungu wake. Ulezi ulinunuliwa sokoni Mtoni, na siku za soko za Desemba hapakuwa na pa kuweka mguu: mikungu ya mchare upande huu, debe za mahindi na maharage kutoka tambarare upande ule, magadi, kanga mpya, kuku waliofungwa miguu, na wanawake wakisalimiana shimbonyi huku mikono ikiendelea kupima visado.

Mbege haisubiri mtu. Ikishakuwa tayari, siku mbili tatu nyingi, baada ya hapo inakuwa kali na wazee wanaisukuma pembeni. Kwa hiyo wanawake wa mtaa walipangiana siku: huyu anabatiza Jumapili, yule ana kipaimara wiki inayofuata, wa kule ng'ambo ya mto ana mahari siku ya katikati. Wanaume walitangaza sherehe, lakini kalenda ya mlima mzima ilikaa vichwani mwa wapika pombe. Nilimsikia bibi akimwambia baba, kwa upole kabisa, kwamba siku aliyoichagua haiwezekani kwa kuwa pipa liko kwa jirani. Baba akabadili siku.

Nikitakiwa kuchagua tukio moja la Desemba zile, nitachagua mnada wa sadaka. Usharika wetu ulikuwa wa Kilutheri, wa KKKT, na Jumapili za mwisho wa mwaka ibada ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Vitu vyote vilivyoletwa madhabahuni, mikungu, mayai, majogoo, maboga, kahawa kwenye vikapu, chupa za maziwa, pengine mbuzi, vilitolewa nje uwanjani na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa akasimama juu ya benchi.

"Yai hili ni moja, lakini aliyelileta hana la pili," alisema mwaka mmoja, akiliinua juu taratibu. "Shilingi hamsini!"

"Mia!"

"Mia mbili!" Sauti ilitoka chini ya mgrevilea, walikokuwa wamesimama vijana wa Arusha.

"Wa Arusha wameshaamka. Wa Dar es Salaam mpo, au bado mna uchovu wa basi?"

Watu walicheka, na wa Dar wakapandisha. Mnunuzi akalipa, akapokea yai, akaligeuza mkononi, kisha akalirudisha. "Liuzwe tena." Likauzwa tena, likarudi tena. Yai lile lilipita mikono mingi kuliko noti zetu, na kila lilipopita mtunza hazina aliandika. Mwishowe aliyelinunua akavuka uwanja mzima, akapiga goti mbele ya bibi mmoja mjane aliyekaa kwenye nyasi, akamkabidhi. Lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelileta asubuhi. Bibi akalipokea kwa mikono miwili. "Aika, mbe," alisema, na hakusema zaidi.

Fedha zile ziliezeka madarasa. Mkoa wa Kilimanjaro una shule nyingi za sekondari zilizojengwa na makanisa na wazazi wenyewe, na ukiuliza bati zilitoka wapi, jibu mara nyingi ni mnada wa namna hii. Lakini nilipokuwa mtoto, kilichonishika ni jinsi mzee yule alivyojua kuuza. Jogoo la tajiri alilisifu manyoya na kulimaliza haraka. Zawadi ya maskini aliishika muda mrefu zaidi. Sijawahi kumwona akiinua kitu cha mtu kwa namna ya kumwaibisha, na nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wenye elimu kubwa ambao hawakuweza kufanya hivyo.

Baada ya Krismasi kilifuata kikao cha ukoo. Mabenchi yalipangwa uani kwa babu, kati ya migomba na kahawa, wazee mbele, vijana nyuma, wanawake upande wa jikoni ambako walisikia kila neno. Katibu alikuwa na daftari gumu kubwa, na alianza kwa kusoma yaliyoamuliwa mwaka uliopita, jambo moja moja, na nani aliahidi nini. Hapo ndipo watu wazima walipoinamisha vichwa.

Jambo zito siku zote lilikuwa mpaka. Vihamba vyetu vingi havifiki hekta moja. Baba amegawa kwa wana, wana wamegawa kwa wana wao, na alama ya mpaka ni mstari wa masale, mmea wa majani marefu ambao kwetu una heshima kubwa. Sale hupandwa mpakani, hupandwa makaburini, na jani lake hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha. Anayepelekewa sale hana ruhusa ya kukataa. Mwaka mmoja baba zangu wakubwa wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya masale yaliyodaiwa kusogezwa hatua mbili. Mmoja aliishi Dar, mwingine nyumbani, na mwaka mzima watoto wao walipitishana mbali. Wazee waliwasikiliza tangu asubuhi. Walikwenda wenyewe hadi mpakani, wakapima kwa miguu, wakamwita jirani wa ng'ambo aliyekumbuka mahali ulipokuwa mti fulani.

Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyesimama. Wanawake hawakuwa wasemaji wa kwanza katika kikao kile, lakini huyo hakuna aliyethubutu kumkalisha.

"Wakubwa zangu, tangu asubuhi tunahesabu hatua mbili za udongo," alisema. "Mtoto wa marehemu mdogo wetu amechaguliwa kidato cha kwanza. Januari inafika. Niambieni nani anamlipia, halafu mrudi kwenye udongo wenu."

Kofia ya babu ikazungushwa palepale. Binti yule alisoma, na leo ni muuguzi. Wale ndugu wawili, sijui kama ni aibu au ni uchovu, hawakurudi kwenye hoja. Yule wa Dar alikwenda mpakani, akarudi na jani la sale, akamnyooshea kaka yake bila kusema neno. Kaka alilitazama. Kisha akalichukua, akasogea kwenye benchi ili mdogo wake apate pa kukaa, na kata ya mbege ikapita kati yao. Masale mapya yalipandwa jioni ileile, sisi watoto tukiambiwa tusimame karibu tuone vizuri, kwa kuwa siku moja tutakuwa mashahidi.

Mpira ulikuwa na nafasi yake pia. Timu ya wageni, yaani waliotoka mjini, ilicheza na timu ya waliobaki, na zawadi ilikuwa mbuzi. Wageni walikuwa na viatu na jezi. Wenyeji walikuwa na mapafu. Vijana wengi wa vijiji vya Mshiri, Samanga na Rauya walikuwa wapagazi, wanaobeba mizigo ya watalii kupitia vituo vya Mandara na Horombo hadi Kibo, na baada ya kipindi cha kwanza wageni walikuwa wameshika viuno huku wenyeji wakikimbia kama ndiyo kwanza wanaanza. Tatizo la wenyeji lilikuwa jingine: Desemba ni msimu wa watalii, na mchezaji bora angeweza kuitwa mlimani usiku wa kuamkia mechi. Kazi ya mlima ni ya urithi kwetu. Mzee Yohana Lauwo, anayesimuliwa kuwa alimwongoza mpanda mlima Hans Meyer mwaka 1889, alikuwa wa hapo hapo Marangu, na alikuwa bado hai nyakati hizo; alifariki mwaka 1996. Mbuzi, vyovyote matokeo yalivyokuwa, aliliwa na timu zote mbili.

Baada ya mkesha wa mwaka mpya, kabla mabasi hayajawarudisha watu mjini, ilikuja siku ya mfongo. Mifongo ni mifereji iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji ya mito kutoka kingo za msitu hadi vihambani, na kila mmoja una kamati yake, zamu zake na sheria zake. Mwaka mzima unajaa matope na majani, kingo zinabomoka, na mikono ya wazee waliobaki haitoshi. Kwa hiyo siku hiyo kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Aliyekosa bila sababu alitozwa faini, na katika miaka ile faini bado ilikuwa mbege. Niliwaona karani wa benki na mwalimu wa chuo wakiwa wamekunja suruali magotini, wamezama kwenye tope, wakiamrishwa na mzee asiyejua kusoma, ambaye alijua kila jiwe la mfongo ule. Maji yalipofunguliwa juu, sisi watoto tulikimbia pembeni yake tukiyafuata yanavyoteremka, yakisukuma majani makavu mbele yake, hadi yalipoingia kwenye kihamba cha mwisho kabisa.

Fedha za mambo yote hayo, ukiacha mishahara ya mjini, zilitoka kwenye kahawa. Familia ilipeleka kahawa chama cha msingi, chama kikapeleka KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, na malipo yalikuja kwa awamu. Julai 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo ya kahawa duniani ulivunjika na bei ikaporomoka. Sisi watoto hatukujua habari hizo. Tuliona tu kwamba malipo ya pili hayakuja kama yalivyozoeleka, kwamba baba alisita kununua dawa ya mibuni, na kwamba baadhi ya majirani walianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Waliokuwa na umri wa miaka kumi na minane wakaondoka. Wengine wamerudi kila Desemba. Wengine wanatuma mchango.

Naumia kuandika hili: siku hizi nyumba zimekuwa nzuri na vijiji vimekuwa vitupu. Kuna mageti ya chuma na vigae, na ndani anaishi mlinzi peke yake kwa miezi kumi na moja. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp na katibu anasoma taarifa kwa sauti iliyorekodiwa. Michango inafika, tena mikubwa kuliko ile ya kofia ya babu, na binti wa mtu fulani anasomeshwa nayo hadi leo. Hilo nalishukuru. Lakini mpaka hauwezi kukaguliwa kwa simu, na mtoto aliyezaliwa Dar hatakuwa shahidi wa masale ambayo hajayaona.

Mfongo wetu sasa umeziba sehemu kubwa. Kikao kilichopita kilipendekeza tuchange tulipe vibarua, na pendekezo lile lilipigiwa makofi. Nilisimama kulipinga. Nilisema nitatoa mchango wangu wote, ila siku yenyewe nataka kila nyumba itoe mtu, vibarua wakiwepo au wasiwepo, na kwamba mzee wetu anayeujua mfongo ule tangu chanzo chake bado ana nguvu za kupanda hadi juu na kutuonyesha. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana. Kazi itakuwa tarehe 3 Januari, saa moja asubuhi, tukianzia juu, kingoni mwa msitu. Kila mtu aje na jembe lake, na watoto waje.