Jina Halipo Pale Posta

Nilikuwa namsubiri mshkaji wangu pale Posta, Dar es Salaam, chini ya Sanamu la Askari. Jua la saa saba, jamaa kachelewa kama kawaida yake. Pale nimeshapita mara nyingi mno, lakini siku hiyo, kwa kukosa la kufanya, nikasogea nikasoma maandishi. Yapo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa herufi za Kiarabu. Kwa maneno yangu mwenyewe, yanawakumbuka askari wenyeji, na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Kisha yanaahidi kuwa ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

"Hayo kaandika Kipling," mshkaji akanichomekea aliponikuta.

Kipling! Na mimi ndiye ninayejitapa kijiweni kwamba nawajua washairi wa Uingereza. Kumbe ni kweli: Rudyard Kipling, mzaliwa wa Bombay mwaka 1865, mwenye Nobel ya 1907, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa maneno ya sanamu hilo lililozinduliwa mwaka 1927.

Nisikufiche msomaji, Kipling sikumpenda. Wangu alikuwa Wilfred Owen. Owen alikuwa kijana kama sisi, wakati anakufa mashairi yake yaliyokwisha kuchapishwa yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja (we unayelalamika kwamba mhariri kakurudishia shairi, hapo vuta pumzi). Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, kwenye mfereji kaskazini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 25, wiki moja tu kabla bunduki hazijanyamaza. Telegramu ilimfikia mama yake mjini Shrewsbury tarehe 11, siku ile ile kengele zilipokuwa zikilia kushangilia amani. Katika shairi lake Dulce et Decorum Est, askari mmoja anachelewa kuvaa barakoa ya gesi, anakufa mbele ya macho ya mwenzake. Jina la shairi ni Kilatini cha Horace, kwamba ni tamu na heshima kuifia nchi yako. Owen anakataa katakata vijana wasilishwe maneno hayo.

Basi mimi, na Owen wangu kichwani, nikayaona maneno ya Kipling pale Posta kuwa ndiyo peremende ile ile. Nikachemka. Tena huyu ndiye aliyeandika mwaka 1899 shairi la "mzigo wa mzungu"! Mzigo wa mzungu hapa kwetu aliubeba nani kama si mpagazi, kichwani, porini, na homa na njaa juu yake? Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Keria Koo, kikosi cha hao wapagazi. Makadirio ya waliokufa yanafika laki moja hivi.

Lakini nilipoendelea kumsoma Kipling, hasira ikapungua nguvu, nikaudhika kwamba imepungua. Mwanawe John alikataliwa jeshini kwa sababu ya macho mabovu. Baba akatumia jina lake na marafiki wakubwa, mtoto akapokelewa. Septemba 1915 akapotea katika vita vya Loos, ana miaka 18 na wiki chache. Mwaka 1917 Kipling akaingia katika Tume ya Makaburi ya Vita, akawa mshauri wao wa maandishi. Alikufa 1936 bila kujua mwanawe kalala wapi. Kaburi moja likaja kutajwa kuwa la John mwaka 1992, na wapo wanaolibishia. Sasa nikisoma pale Posta kwamba wana watalikumbuka jina la baba, namwona mzee ambaye kwake mambo yalipinduka, baba ndiye aliyebaki na jina la mwana. Simsamehi. Ila siwezi tena kumcheka.

Na ile Tume? Mwaka 2021 ilikiri kwa ripoti yake na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekwa kwenye kumbukumbu kwa majina, au hawakuwekwa kabisa. Lile sanamu la Posta nalo nimelizunguka pande zote. Jina la mpagazi hata mmoja hakuna.

Jioni nikampigia simu bibi, Dodoma. Nikamuuliza kama kwetu kuna aliyekwenda vita ile.

"Yupo, mjukuu wangu. Babu yangu, mzaa mama. Walikuja wakamchukua kubeba mizigo, hakurudi. Halafu ikaja Mtunya, njaa, watu wakaisha. Mama alipona kwa kupelekwa kwa watu."

"Alikuwa anaitwa nani, bibi?"

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Mama alikuwa akisema 'baba' tu," akanijibu. "Alikuwa mdogo. Nami sikumuuliza."

Nimeshaanza shairi mara tatu. Mara zote nakwama pale pale, mstari wa kwanza, kwa sababu nilitaka uanze na jina.